Rangi Iliyozikwa Mchangani

Siku hizi mlango wangu hapa Mumbuni umekuwa kituo cha vitu ambavyo watu wanaogopa kuvitupa. Nikifungua asubuhi nakuta mkebe wa rangi nusu, chupa ya thina, betri za tochi zilizovimba, na juzi mtu aliniachia hata dawa ya kupe, ng'ombe wake walishauzwa. Siwalaumu. Afadhali mlango wangu kuliko mtaro. Lakini nyinyi vijana mnaoshika brashi leo mna tabia ya kuniuliza swali mkiwa mmesimama, mguu mmoja uko njiani, mkiniita bibi kwa Kikamba chetu: "Susu, hii nimwage wapi?"

Jibu fupi ni kwamba usimwage. Jibu refu linataka mtu akae chini, kwa hiyo keti, na hiyo brashi itie kwenye maji isije ikakauka bure.

Rangi iliyo rahisi kuitupa kuliko zote ni ile ambayo hukuinunua. Pima ukuta kwa futi, usipime kwa moyo. Nimewaona mafundi wakiagiza rangi ya nyumba nzima kwa ajili ya sebule, halafu wanabaki na mikebe inayozeeka chini ya kitanda pamoja na watoto wanaoivuta pumzi yake. Ikibaki rangi ya maji, mpe mtu ikiwa bado nzima. Changanya masalio yanayokaribiana. Utapata rangi isiyo na jina, lakini kuku hawajawahi kukataa banda. Choo changu mimi kimepakwa masalio ya nusu ya Mumbuni, na wageni hukisifu.

Ikikosa wa kuichukua, ikaushe. Nenda kwa seremala akupe maranda, au chukua udongo mkavu, utie ndani ya rangi na ukoroge mpaka ikaze kama ngima, ugali wetu. Itandaze kwenye kipande cha bati kibovu, penye hewa, mbali na watoto na kuku, uiache mpaka igeuke jiwe. Rangi ikishakuwa jiwe haitembei tena. Hapo ndipo inaweza kwenda na takataka kavu. Rangi mbichi ina miguu, na mtanisamehe, nitarudia jambo hili mpaka mchoke.

Na mkebe mtupu utoboe kitako kwa msumari. Huku kwetu Ukambani chombo chenye kifuniko hakitupwi, kwa sababu kesho kitateka maji. Jirani yangu mmoja aliokota mkebe wangu, akausugua kwa majivu hadi ukang'aa, akachachisha uji ndani yake. Aliponikaribisha nikaona uji una ukingo wa kijani. Kijani nilikijua vizuri, nilikuwa nimekipaka kwenye dirisha la mtu wiki ile. Tuliumwaga uji na jirani akaninunia hadi mavuno, akiona nimemwonea wivu mkebe. Tangu hapo sikumpa mtu mkebe usio na tundu.

Vitambaa vya rangi ya mafuta navyo msivikusanye pamoja na kuvitupa kwenye kona. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke. Vikirundikwa hujipasha moto vyenyewe. Nimeona rundo likitoa moshi mchana kweupe, hakuna kiberiti wala jiko karibu, na fundi mwenye rundo akiapa kwamba amerogwa.

Haya yote sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa na Mzee Mutinda, na mengine tulifundishwa pamoja, mimi na yeye, siku ambayo wote wawili hatukuipenda.

Mzee Mutinda alikuwa fundi wa rangi mwenye mkono mtulivu kuliko wote niliowahi kuwaona Machakos. Mimi nilikuwa nabeba maji ya kuchanganyia saruji kwenye mjengo, mjane mwenye watoto, na siku moja fundi wake wa pili hakufika kwa sababu ya pombe ya jana. Mzee akanitazama nilivyokuwa nikimimina maji bila kumwaga tone. Akanipa brashi na fremu ya mlango. Watu walicheka, mwanamke na ngazi wapi na wapi! Yeye hakucheka. Alisubiri nimalize, akapitisha kidole ukingoni, akasema, "Kesho kuja na leso ya kufunga nywele. Rangi haitoki kwa nywele." Huo ndio ulikuwa mkataba wangu, na nilimpenda mzee yule kama baba kuanzia dakika hiyo.

Alinifundisha kuiacha thina iliyotumika itulie kwenye chupa ya kioo. Thina, kwa wasiojua, ndiyo ile dawa kali ya kuyeyushia rangi ya mafuta na kuoshea brashi. Ukiiacha, uchafu unalala chini na juu panabaki safi pa kutumia tena. Alinifundisha kutoiweka kamwe kwenye chupa ya soda, maana mtoto hasomi alama, anasoma umbo la chupa. Alikuwa mwangalifu kuliko mafundi wote. Ila ule uchafu unaobaki chini ya chupa, aliuzika. "Mchanga unachuja," alikuwa akisema. "Mchanga unachuja kila kitu."

Msimcheke. Sisi tuliozaliwa huku sote tulilelewa na neno hilo. Mito yetu hukauka juu, lakini ukichimba mchanga unakuta maji chini yake, safi kuliko ya bomba. Matope ya mafuriko yameingia hapo na yametoka maji ya kunywa. Kila mama ana kisima chake, shimo dogo alilochimba mwenyewe mchangani na kulizungushia matawi ya miiba ili punda na ng'ombe wasiingie. Huteki kwenye shimo la mtu bila kumwomba. Ukiamka na kuona mchanga unatoa maji kama hayo mwaka hadi mwaka, nani atakushawishi kwamba kuna kitu unachoshindwa kukichuja?

Basi tulipata kazi upande wa Masinga. Bwawa liko huko, ndiyo, lakini ukikaa mbali nalo kwa miguu ni kama halipo. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Mwenye nyumba alikuwa kibarua wa kiwanda cha nguo kule Athi River. Alileta rangi, akarudi kazini. Binti yake Mueni alikuwa amepata mchumba, na Jumamosi wakwe walikuwa wanakuja na mbuzi wa ntheo, wale wa kufungulia uchumba. Nyumba ilitakiwa ing'ae. Nyumbani walikuwepo Mama Mueni, mwanamke mwenye haraka na roho safi, na mama mkwe wake, Susu Ndinda, kikongwe mwembamba aliyekuwa bado anashuka mtoni mwenyewe na mtungi mgongoni, mkanda kwenye paji la uso. Maji ya nyumba nzima yalitoka kwenye shimo lake. Visima vingine vya jirani vilikuwa vimebaki tope. Chai ya wakwe, mchuzi wa mbuzi, maji ya kunawa wageni, vyote vilimtegemea Susu Ndinda na shimo lile.

Tulipaka milango na madirisha rangi ya mafuta. Jioni Mzee Mutinda alishuka mtoni na vyombo, mimi nikabaki kufagia. Aliosha brashi kwa thina, akachimba mchanga, akazika uchafu wa wiki nzima, akafukia vizuri, akapiga piga kwa mguu. Alichagua mahali pakavu kabisa, mbali na miiba ya mtu yeyote, kwa macho yake. Lakini palikuwa juu kidogo ya kona ya mto, na kisima cha Susu kilikuwa chini ya kona, nyuma ya mwamba, asikione.

Asubuhi Susu Ndinda alipanda kutoka mtoni na mtungi mtupu. Akasimama mbele ya ngazi yangu.

"Maji inanuka taa," akasema.

Mama Mueni akatoka jikoni na mwiko. "Inanuka taa namna gani, mwaitu?" Mwaitu kwetu ni mama.

"Namna ya taa. Kama mtu ameosha koroboi ndani."

Mzee Mutinda aliteremsha brashi polepole. Akamwamkia kwa heshima, akamwambia, "Mwaitu, mimi nimeosha vitu huko jana, lakini mbali. Na mchanga inachuja. Twende tuone."

Tukashuka wote wanne. Susu akaondoa miiba kwa mkono. Mzee akapiga magoti, akachukua kata ya kibuyu, akateka. Kabla sijasema neno, akanywa. Hakuonja, alikunywa kata nzima, akafuta midomo, akasema, "Maji tamu. Haina kitu, mwaitu. Ni safi."

Susu Ndinda akamtazama, akanitazama mimi. Nikainama, nikachota kwa kiganja. Harufu ya thina ilinipanda puani hadi macho yakatoka machozi, na juu ya maji palikuwa na utando unaong'aa rangi rangi.

Nitawaambia nilichofikiri, kwa sababu kilinikata maini. Nilifikiri anadanganya. Huyu mzee wangu, niliyekuwa nikimwona mnyofu kuliko rula, anamdanganya kikongwe usoni ili asipoteze kazi, na anakunywa sumu ili uongo ukae sawa. Nilimkasirikia kuliko nilivyowahi kumkasirikia mtu.

Nikasema, "Mzee, inanuka."

Akanigeukia. Uso wake haukuwa wa mtu aliyekamatwa. Ulikuwa wa mtu aliyepotea njia kwenye kijiji chake.

"Inanuka?" akauliza. Halafu, kwa sauti ya chini, ya mimi tu: "Mbithe, inanuka namna gani?"

Hapo hasira yangu yote ikaniishia miguuni. Nikakumbuka maharagwe aliyoyaunguza na kuyala bila kulalamika. Nikakumbuka maziwa yaliyochacha ambayo alitia kwenye chai yake, nikacheka na kumwita mzee asiye na makuu. Miaka yote ile ya kupaka vyumba vilivyofungwa madirisha, thina ilikuwa imemla pua, naye hakumwambia mtu. Fundi wa rangi asiye na pua atapewa kazi na nani?

"Inanuka thina," nikamwambia. "Sana, Mzee."

Akatazama kata mkononi mwake. Kisha akatazama shimo la Susu, miiba iliyowekwa kando kwa uangalifu, mtungi mtupu. Nilimwona akielewa yote kwa mpigo mmoja: maji, Jumamosi, wakwe, na kikongwe aliyepanda mlima bure. Akabaki pale alipopiga magoti.

"Nimeharibu maji ya mama ya watu," akasema. "Na sikujua. Hata sasa nikinywa sijui."

Susu Ndinda aliuma midomo. Nilingoja atukane, alikuwa na haki. Badala yake akamnyang'anya kata. "Asi! Mtoto wa watu amekunywa taa," akamfokea Mama Mueni, "na wewe unasimama na mwiko! Mpeleke kwa zahanati!"

Mama Mueni alitaka kumtia kidole kooni atapike. Kule zahanati muuguzi alitukaripia hata kwa wazo hilo, na nyinyi mlishike: mtu akimeza thina au mafuta ya taa usimtapishe, maana ikipanda huweza kuingia mapafuni. Usimpe dawa za kubuni. Mkimbize kwa daktari, na ubebe ule mkebe waone alichokunywa. Kwa bahati kilichokuwa ndani ya kata ile kilikuwa kidogo, kimezimuliwa na maji. Walimkalisha wakamchunguza, wakamwachilia. Alicheua thina njia nzima ya kurudi, na ni yeye peke yake ambaye haikumsumbua. Nilipomwambia hivyo alicheka mpaka akashika mti.

Lakini kisima kilikuwa bado kinanuka, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Mzee Mutinda hakugusa brashi tena wiki ile. Aliazima koleo na punda. Tulifukua mchanga wote uliokuwa na rangi, na mwingine wa kuuzunguka, nami nikiwa mbele nanusa kila koleo na kumwambia, "bado," "bado," "hapa umeisha." Tuliupandisha juu mbali na mto, tukautandaza kwenye mabati mabovu, tukauzungushia miiba kama kisima, uanikwe juani hadi ukauke kabisa. Shimo la Susu tulilifukia na kulifunga. Lisingeweza kuaminiwa mpaka mafuriko ya msimu yausafishe mchanga, na Susu mwenyewe aliliaga kwa kulitazama tu, kwa muda mrefu.

Mama Mueni alizunguka nyumba, akaona ukuta wa nyuma mzima haujapakwa, akashika kichwa. "Wageni wataona nini? Nyumba ya nusu?"

"Wageni hawakunywi ukuta," Susu Ndinda akamjibu. "Wacha fundi achimbe."

Naye akachimba. Susu alimwonyesha mahali, juu kabisa ya pale alipokuwa amezika, upande wa pili wa mto, kwa sababu yeye aliujua mto ule jinsi mnavyojua simu zenu. Nilitaka kumsaidia akanikataza. Mzee mwenye nywele nyeupe ndani ya shimo, ovaroli imejaa rangi za nyumba za watu, akitupa mchanga juu, akipumzika, akitupa tena. Mchanga ukawa baridi, ukawa na unyevu, ukaanza kujikusanyia maji chini ya miguu yake. Yale ya kwanza aliyatupa, kama ilivyo desturi. Ya pili akayatupa. Akangoja yatulie mpaka nikaona kidole chake cha mguu ndani ya maji. Ndipo akateka kata moja.

Hakuonja. Aliinyoosha juu kwangu kwa mikono miwili.

"Niambie," akasema.

Nikaisogeza puani. Mwanaume yule alinitazama usoni kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa tena, amesimama shimoni, kifua kinapanda na kushuka. Nilinusa, nikanusa tena. Shaka sikuwa nayo. Nilikuwa natafuta maneno, maana hakuuliza kama maji ni mazuri. Aliuliza yananukaje.

"Yananuka mchanga," nikasema. "Mchanga wa baridi, wa chini. Na mizizi kidogo, kama mihogo ikitolewa. Hakuna kingine, Mzee."

Akafunga macho. "Mizizi," akasema, na machozi yakamshuka bila kuyaficha.

Susu Ndinda akachukua kata, akanywa nusu, akairudisha chini shimoni. "Sasa kunywa, mwanangu. Hii ni yako."

Wakwe walikuja Jumamosi na mbuzi wao. Walikunywa chai mpaka birika likaomba radhi, na hakuna hata mmoja aliyezunguka nyuma ya nyumba.

Miaka tuliyofanya kazi pamoja baada ya hapo ilikuwa mingi, na hakuna tone la uchafu wetu lililoshuka mtoni wala mtaroni. Tulifungua madirisha yote kabla ya kufungua mkebe. Nyinyi pia fungueni. Pua haitoi taarifa inapoondoka. Betri tulizitunza kwenye chombo kikavu hata siku zile ambazo hapakuwa na mtu wa kumpelekea. Leo kuna wanaozipokea, ulizeni, msione aibu. Lakini jambo nililolipenda zaidi katika kazi hiyo halikuhusu rangi. Tukipita kwenye kahawa inayokaangwa, au mkate unatoka tanurini, alinigusa kiwiko na kuuliza, "Namna gani?" Nami nikamsimulia. Nilijifunza kunusa kwa ajili ya watu wawili.

Alipougua mara ya mwisho nilikaa naye kule kwake. Mchana wa siku yake ya mwisho mvua ya kwanza ilianguka ghafla juu ya vumbi la uwanja. Hakuweza tena kusema, lakini mkono wake ulitambaa juu ya blanketi, ukanigusa kiwiko. Nikamwinamia sikioni nikamweleza mvua inanukaje, polepole, sikuruka kitu, hata vumbi, hata majani, hata mbuzi waliolowa. Niliendelea kumweleza muda mrefu baada ya mkono wake kulegea.